Fildi ya kwanza inakata kila baada ya muda: kabla hujaagiza transfoma mpya

Swali: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha saruji huku pwani. Presipiteta ya tanuru letu, yaani mtambo unaokamata vumbi la gesi kwa umeme wa volti kubwa, ina fildi (sehemu) tatu, kila moja na transfoma-rektifaya yake juu ya paa, inayopandisha volti na kuugeuza umeme kuwa wa mwelekeo mmoja. Ya kwanza inatusumbua tangu mvua zianze. Bamba la maelezo la transfoma yake linasema 400 V na 140 A upande wa kuingilia, 70 kV na 800 mA upande wa kutokea. Tukiwasha tanuru inafanya kazi vizuri kwa muda wa saa tano au sita, halafu kV zinaanza kushuka polepole, mA zinapanda, mwishowe inakata kwa kosa la volti ndogo. Kabla haijakata paneli inasoma 150 V, 138 A, 15 kV, 790 mA, cheche sifuri. Tukizima tanuru hadi kesho yake, inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Tumebadilisha jozi ya thairista (swichi za kielektroniki zinazodhibiti umeme unaoingia) na kadi ya kidhibiti, hali ni ileile. Mkandarasi alipima kwa mega (kipima insulesheni) upande wa volti kubwa akapata sifuri, akasema transfoma imekufa. Meneja yuko tayari kusaini oda. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, fundi. Mwombe meneja asubiri kidogo kabla ya kusaini. Kwa namba ulizoniandikia, transfoma yako ni nzima, na rektifaya iliyo ndani yake ni nzima pia. Ninayemshuku ni hopa ya fildi hiyo, ile faneli ya chini inayopokea vumbi, kwamba inajaa vumbi hadi linagusa fremu ya chini ya elektrodi, zile nyaya za volti kubwa. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha namna ya kuhakikisha mwenyewe bila kununua chochote.

Anza na zile namba nne za paneli. Mafundi wengi hutazama moja tu, ile kV iliyoshuka, wakakimbilia kwenye kifaa kinachotoa kV. Lakini namba hizi zinasomwa kwa pamoja. Chukua bamba: 800 mA kwa 140 A. Gawanya, unapata kama 5.7 mA kwa kila ampea moja inayoingia. Sasa chukua usomaji wako wa dakika ya mwisho: 790 kwa 138. Ni 5.7 ileile. Maana yake kila ampea inayoingia kwenye transfoma inatoka upande wa pili kama ilivyokusudiwa na aliyeitengeneza. Daiodi zingekuwa zimepiga shoti, au koili ingekuwa imeungua mizunguko yake, ampea zingepanda upande wa kuingilia huku mA zikibaki chini au zikiwa sifuri kabisa, kwa sababu mkondo ungekuwa unazungukia humohumo ndani ya mafuta bila kufika nje. Kwako mkondo wote unafika nje. Kuna kitu huko nje kinaunywa.

Kitu gani? Tufanye hesabu nyingine ndogo. 15 kV mara 0.79 A ni karibu kilowati 12. Ukigawanya volti kwa mkondo, unapata omu kama 19,000. Hiyo si shoti kamili. Waya wa elektrodi ukikatika na kulalia bamba la kukusanyia vumbi, kV huanguka karibu na sifuri na kubaki hapo. Ukikatika nusu ukawa unaning'inia na kuyumba kwenye upepo wa gesi, kV huruka juu na chini na cheche hujaa kwenye kaunta. Wewe umeniambia cheche sifuri, kV zinashuka polepole, mA zinapanda polepole. Hiyo ni tabia ya njia pana inayopitisha umeme bila kupasuka, inayokua kadiri saa zinavyokwenda, yenye uwezo wa kumeza kilowati 12 bila kuvunjika. Rundo la vumbi la moto linaweza kufanya hivyo. Na kadiri mkondo unavyolipitia ndivyo linavyozidi kuchemka na kupitisha zaidi, wakati mwingine hadi linaungana kuwa mabonge magumu kama mawe. Ukija kuifungua hopa ukayakuta mabonge ya aina hiyo, hutahitaji ushahidi mwingine.

Halafu kuna jambo la fildi yenyewe. Fildi ya kwanza ndiyo inayopokea gesi ikiwa na vumbi lote, na ndiyo inayokamata sehemu kubwa ya vumbi hilo. Chembe zikishachajiwa zinajaa katikati ya elektrodi na mabamba na kuubana mkondo. Ndiyo maana katika presipiteta yenye afya fildi ya kwanza huwa na mA chache na cheche za hapa na pale, na fildi ya mwisho, ambako gesi imeshasafika, ndiyo yenye mA nyingi. Fildi ya kwanza ikionyesha 790 mA katika 800 huku tanuru likiwa limejaa mzigo, na bila cheche hata moja, ujue mkondo huo haupiti kwenye gesi.

Sasa hii ya kuwaka vizuri kesho yake. Konveya ya chini haisimami tanuru linapozimwa, sivyo? Inaendelea kutoa vumbi usiku kucha. Wakati wa kazi, kinachoingia kwenye hopa ni kingi kuliko kinachotoka, hivyo inajaa kwa saa tano au sita. Ukizima, hakiingii kitu, na kile kidogo kinachotoka kinatosha kuishusha hadi asubuhi. Transfoma yenye koili iliyoungua haiponi kwa kulala. Na mvua? Maji yanapenya kwenye gaskiti ya mlango wa hopa au kwenye mzunguko wa vali ya chini, au kuta zinapoa hadi gesi inatoa unyevu, vumbi la saruji linaganda ukutani, na tundu la kutokea linakuwa jembamba. Kila fundi wa kiwanda cha pwani anajua vumbi la saruji na maji vikikutana kinatokea nini.

Nakuja kwenye mega, maana hapo ndipo kiwanda kinapotaka kupoteza fedha nyingi.

Ndani ya tangi, kati ya koili ya volti kubwa na bushingi (insuleta ambamo volti kubwa hutokea nje ya tangi), kuna daraja la daiodi, ndiyo rektifaya yenyewe. Presipiteta za viwandani hulishwa umeme wa upande hasi, kwa sababu korona hasi (korona ni ule mng'ao wa umeme kwenye elektrodi unaochaji vumbi) huvumilia volti kubwa zaidi kabla ya kupasuka kuwa cheche. Kwa hiyo bushingi ni hasi, na upande chanya wa daraja umefungwa kwenye ethi kupitia kipande kidogo cha ukinzani kinachopima mA. Sasa ukiweka ncha chanya ya mega kwenye bushingi na hasi kwenye tangi, unazisukuma daiodi kwenye mwelekeo wake wa kupitisha. Zitapitisha. Mega itasoma karibu na sifuri, na ni sahihi kusoma hivyo! Ukigeuza, hasi kwenye bushingi na chanya kwenye tangi, daiodi zinafunga, na unachosoma ni ule mlolongo wa ukinzani unaopeleka kipimo cha kV kwenye paneli, ambao mara nyingi ni makumi ya megaomu. Thamani yake imeandikwa kwenye mchoro wa transfoma. Ukipata namba iliyo karibu na hiyo, daiodi zako ni nzima. Sifuri pande zote mbili ndiyo habari mbaya.

Kuna mtego hapa. Mega nyingi hutoa hasi kwenye tundu lililoandikwa laini na chanya kwenye tundu lililoandikwa ethi, kinyume na anavyodhani mtu anayetazama rangi za waya tu. Soma kitabu cha mega yako, au chukua multimita yenye uwezo wa volti hizo uone ncha ipi ni chanya. Na multimita peke yake usiitumie kupima daiodi za ndani ya tangi. Kila upande wa daraja una daiodi nyingi zilizopangwa mfululizo, na zote kwa pamoja zinahitaji volti nyingi kabla hazijafunguka. Betri ya multimita haizifikii, utasoma wazi pande zote ukadhani zimekatika.

Muulize pia mkandarasi alipopima swichi ya volti kubwa ilikuwa wapi. Ikiwa kwenye ethi, sifuri ni lazima. Ikiwa imeunganishwa na fildi na hopa imejaa, sifuri au karibu nayo ni lazima pia, wala haihusiani na transfoma. Kipimo cha maana kinafanywa bushingi ikiwa imetengwa na fildi, nyaya za kV na mA zinazokwenda kwenye kadi zikiwa zimechomolewa, na ncha zake za upande wa transfoma zikiwa zimefungwa kwenye ethi kwa waya mfupi. Usipofanya hivyo unaweza kuiua kadi mpya kwa kipimo cha kuiokoa transfoma.

Kipimo kinachokata mzizi wa fitina ni kuigawa saketi katikati. Tenganisha transfoma na fildi, kisha iwashe ikiwa peke yake. Kabla ya hapo lakini, kaa nami kidogo kwenye usalama.

Fildi moja ya presipiteta ni kapasita kubwa, yaani inahifadhi chaji. Tuseme ina nanofaradi 50, ambayo ni kawaida kwa fildi ya ukubwa wa kati. Kwa 60 kV inabeba jouli 90, na hizo zinatosha kumuua mtu au kumwangusha kutoka kwenye paa. Ukizima, chaji hutoka kupitia ule mlolongo wa ukinzani wa kipimo. Kwa megaomu 80 na nanofaradi 50 ni kama sekunde 4 kila volti zinapopungua hadi kufikia kidogo zaidi ya theluthi, hivyo baada ya nusu dakika hivi ungesema pamekauka. Ungesema, kama una hakika mlolongo huo haujakatika. Ukikatika, paneli inasoma kV sifuri na fildi imejaa chaji, na hakuna taa itakayokuambia. Kwa hiyo: breka chini, kufuli na kibao juu yake, funguo za mfuatano (zinazozuia milango kufunguliwa kabla umeme haujazimwa) zitumike kama zilivyopangwa bila funguo ya ziada ya mtu yeyote, swichi ya volti kubwa ipelekwe kwenye ethi, halafu fimbo ya ethi iguswe kwenye kondakta kwa mkono wako mwenyewe na iachwe ikining'inia hapo muda wote wa kazi. Waya wa fimbo unafungwa kwenye ethi kwanza, ndipo ncha iguse kondakta. Vumbi lililoshikamana kwenye mabamba nalo hubaki na chaji, ndiyo sababu fimbo haiondolewi mtu akiwa ndani.

Basi, ukiwa salama, weka swichi kwenye nafasi ya wazi, isiyogusa fildi wala ethi, kama ipo. Kama swichi yako ina nafasi mbili tu, ya fildi na ya ethi, toa kiungo kilicho ndani ya bomba la kondakta, hakikisha ncha iliyobaki iko mbali vya kutosha na chuma, na ufunge mifuniko yote. Ondoa fimbo, hesabu watu, rudisha umeme. Weka kidhibiti kwenye hali ya mkono, mipaka ikiwa chini kabisa, panda taratibu. Transfoma nzima itapandisha kV haraka huku mA zikikaa karibu na sifuri, kwa sababu hakuna mahali pa kwenda. Ukifika 50 kV au zaidi pakiwa kimya, bila kuvuka namba ya bamba, umemaliza mjadala wa transfoma. Usishtuke kV zikirukaruka kidogo. Thairista inahitaji mkondo wa kutosha ili iendelee kupitisha umeme, na bila mzigo inaukosa.

Ukishapata jibu hilo, shuka chini kwenye hopa.

Pale chini ya vali, kwenye mlizamu unaoingia kwenye konveya, pima joto kwa kipimajoto cha infraredi tanuru likiwa linafanya kazi, hopa zote tatu. Mlizamu unaopitisha vumbi ni wa moto, na wa fildi ya kwanza unatakiwa kuwa na moto zaidi kwa kuwa ndio wenye vumbi jingi. Ukikuta ule wa kwanza umepoa kuliko wenzake, vumbi halishuki. Usiiamini sana taa ya kiwango cha vumbi. Kipima kiwango kikishafunikwa na vumbi lililoganda, kinaweza kukuambia hopa ni tupu mwaka mzima, au imejaa mwaka mzima hadi watu wakaizoea na kuizima kengele. Tazama vali inayozunguka: mota inaweza kuzunguka huku pini ya kapi au mnyororo umekatika, na mwendeshaji aliye chumba cha kontroli anaona alama ya kijani tu. Nenda uone shafti yenyewe ikizunguka. Angalia hita za hopa, na gaskiti za milango. Kama kuna alama nyingi za nyundo kwenye ukuta, hapo ni pabaya zaidi, kwa kuwa kila shimo la nyundo ni rafu ya vumbi kukalia.

Nakusihi kwa jambo moja. Usiruhusu mtu afungue mlango wa hopa inayoshukiwa kujaa ili kuona. Vumbi la moto lililojaa hewa hutiririka kama maji, na mtu aliye mbele ya mlango hana muda wa kukimbia. Kuna mafundi waliopoteza maisha kwa njia hiyo katika viwanda vya nchi nyingi. Hopa inamwagwa kwa chini, taratibu, ikiwa imepoa, na mlango unafunguliwa baada ya kuhakikisha kwa tundu la kuchokolea kwamba ni tupu.

Ukiingia ndani baada ya kupoa na hewa kupimwa, tazama fremu ya chini ya elektrodi. Pengine utaiona imepinda, kwa kuwa vumbi likijaa linaisukuma juu, na fremu iliyopinda itakuletea cheche hata baada ya hopa kusafishwa. Pima nafasi kati ya elektrodi na mabamba pande zote mbili, uiandike.

Najua utauliza, mbona thairista zilikufa? Sina hakika zilikufa, maana umesema mlibadilisha, hukusema mlizipima. Namna rahisi ya kuzipima pamoja na kadi ni balbu. Ondoa nyaya zinazokwenda kwenye transfoma, na mahali pake weka balbu za nyuzi za zamani, mbilimbili kwa mfululizo kwa sababu umeme huu ni wa fezi mbili, 400 V, na kila balbu ni ya 230 V. Weka jozi kadhaa sambamba ili mkondo uzitoshe thairista. Balbu za LED hazifai hapa. Panda kwa mkono kutoka chini hadi juu: mwanga unatakiwa kukua laini bila kupepesa wala kuruka. Ukipepesa, au ukiishia nusu, thairista moja haifyatuki au waya wake wa geti umelegea. Hilo lingekuwa na dalili nyingine kwenye transfoma pia, muungurumo mzito usio wa kawaida, kwa sababu nusu ya wimbi ikikosekana kiini cha chuma hushiba. Hukuutaja, nami nadhani haupo. Thairista zilizofanya kazi muda mrefu karibu na ukomo wake kwa mzigo kama huu wako zinaweza kuungua kweli kama feni ya paneli ni mbovu au mapezi ya kupozea yamejaa vumbi. Safisha hayo.

Kuhusu kadi, angalia waya wa ethi kati ya tangi la transfoma na ganda la presipiteta. Mkondo wote wa 800 mA unarudi kwa njia hiyo, na cheche inapopiga, mkondo wa ghafla unaorudi ni mkubwa mara nyingi zaidi. Ukilegea au ukila kutu, na huku pwani chumvi inakula kila kitu, mkondo utatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyo karibu ni zile nyaya ndogo za vipimo zinazokwenda kwenye kadi. Nimeshuhudia kiwanda kikinunua kadi baada ya kadi, wakati kilichotakiwa ni kusugua chuma na kukaza boliti. Pima waya huo kwa kipima omu ndogo, na tazama vizuia mshtuko kwenye kisanduku cha transfoma kama havijapasuka.

Sijasahau insuleta, vile vishikilio vya elektrodi visivyopitisha umeme, kwa sababu msimu wa mvua humfanya kila mtu azishuku, na mara nyingi ni haki. Lakini insuleta zenye unyevu husumbua wakati wa kuwasha, gesi ikiwa bado baridi, kisha tatizo lake huisha joto likishapanda. Kwako ni kinyume, mwanzo ni mzuri na mwisho ni mbaya. Pima hata hivyo mkondo wa kila hita ya insuleta kwa klampu mita. Hita ya kilowati 1 kwa 230 V inatakiwa kuvuta zaidi kidogo ya ampea 4. Inayosoma sifuri imekufa, ibadilishe, na hita zote ziwashwe saa kadhaa kabla ya gesi kuingia.

Kuna kitu kingine kinachoshusha kV na kupandisha mA, nacho ni korona ya kinyume. Vumbi likiwa kavu mno na lenye ukinzani mkubwa, umeme hupasuka ndani ya tabaka la vumbi lililo kwenye bamba. Hutokea zaidi kinu cha malighafi kinaposimama na gesi ikaja moja kwa moja kutoka kwenye tanuru, hasa maji ya mnara wa kupozea gesi yasipotosha. Ukikuta inapotokea fildi zote tatu zinashuka pamoja, mtafute mtu wa mnara huo. Ikiwa ni ya kwanza peke yake, rudi kwenye hopa.

Usimruhusu mtu aongeze muda wa ulinzi wa volti ndogo au aushushe kiwango chake ili fildi isikate. Ulinzi huo ndio unaoizuia kupika vumbi kwa kilowati 12 usiku kucha. Na ukiona fildi zote tatu zimekata kwa sekunde moja, usitafute hitilafu ya umeme. Tazama kipima monoksidi ya kaboni. Kikipanda, presipiteta lazima ikate, kwa kuwa cheche moja kwenye gesi hiyo ni mlipuko. Kiungo hicho hakirukwi kwa waya hata kwa dakika moja.

Wakati mnasubiri, meneja anaweza kusema tuendelee na fildi mbili. Umeme utaruhusu, lakini fildi ya pili itapokea mzigo wa ya kwanza, hopa yake itaanza kujaa kwa kasi ambayo konveya haikupangiwa, na moshi utaonekana kijijini. Hili si jambo dogo. Presipiteta ya Frederick Cottrell, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1908, iliingia kwenye saruji huko Riverside, California, kwa sababu wakulima wa machungwa walikishitaki kiwanda kwa vumbi lililokuwa likifunika miti yao. Wanaoishi upande unakovuma upepo wa kiwanda chenu wana mabati, visima na watoto. Punguzeni mzigo wa tanuru au msimame, mfanye kazi hii kwa siku moja vizuri.

Na kama nimekosea, yaani transfoma ikiwa imetengwa na kila kitu bado inagoma kupanda, au mega inasoma sifuri pande zote mbili, bado usiagize transfoma kamili. Chukua sampuli ya mafuta kwa chupa kavu na safi siku isiyo na mvua. Itumwe maabara kupimwa volti ya kupasuka kwa njia ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60156, ambayo hutumia nafasi ya milimita 2.5 kati ya ncha, pamoja na gesi zilizoyeyuka. Asetilini ikionekana, kumekuwa na cheche ndani ya mafuta. Mafuta yakiwa na maji tu, angalia silika jeli ya kipumulio, kama ile ya bluu imegeuka waridi au ya machungwa imegeuka kijani basi transfoma imekuwa ikivuta unyevu wa bahari, na mafuta yanaweza kuchujwa na kukaushwa hapohapo kiwandani. Koili zikipimwa zikawa nzima na daiodi ndizo zilizopiga shoti, omba bei ya daraja la daiodi peke yake kutoka kwa mtengenezaji, ukimpa namba ya mfululizo (serial) iliyoko kwenye bamba.

Niandikie usomaji wa kipimo cha transfoma ikiwa imetengwa, na joto la milizamu mitatu.